Injini Iliyoliwa

Sudi Aboubakar hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula alikila akiwa amesimama, na mama yake alikuwa amechoka kumkumbusha kwamba kiti hakina miiba. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumanne, mtumbwi uliobeba chuma chakavu ulipofika kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza majini, viatu mkononi na suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa fundi wa pikipiki mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, umri wake miaka thelathini na sita, hana mke. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kununua pikipiki kuukuu, kuifufua na kuiuza, kisha kukimbilia nyingine kabla ya ile ya kwanza kupoa.

Kivuko kilikuwa kimejaa. Wanawake walishuka na mabeseni ya sombe, yale majani ya muhogo, wauza mawese walisukuma baiskeli zilizobeba madumu manne manne, wanafunzi wa sare za buluu na nyeupe walirukaruka kwenye matope. Ndani ya mtumbwi, katikati ya masufuria yaliyotoboka na mabati, Sudi aliona kilichomleta: fremu ya Yamaha AG, ile ya zamani waliyokuwa wakiendesha mapadre na wagani wa kilimo.

"Assani!" alimwita mwenye chuma. "Ile kadre njo yangu. Nilisha kukuambia kwa telefone."

"Iko yako kama yule mama atasimama," alijibu Assani na kuonyesha kwa kidevu.

Mwanamke alikuwa ameikalia fremu ile. Alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri na kitenge cha rangi ya chungwa, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na hereni ndogo za dhahabu. Kutu ilikuwa imeshaanza kuchora mistari kwenye kitenge, naye hakujali. Alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayengoja gari moshi.

"Maman, utachafua nguo," alisema Sudi kwa adabu.

"Nguo inafuliwa."

"Hii kadre nilisha kuisemea."

"Wewe uliisemea jana. Mimi niko naitafuta tangu niko na miaka minane." Aliinama, akagusa chini ya mahali pa kiti. "Angalia hapa. Iko kipande cha reli. Baba yangu alipasukiwa na kadre kwa njia ya Kibombo, rafiki yake wa gari moshi akamuchomelea reli. Nionyeshe ingine Kindu muzima, nitasimama."

Sudi aliinama kutazama. Ni kweli, reli ilikuwepo. Lakini alipoinua macho alikutana na uso wake kwa karibu, weusi wa kung'aa, kijasho juu ya mdomo, macho yasiyotulia hata kidogo, na papo hapo akasahau kwamba alikuwa na kesi ya kushinda.

"Na moteri yake iko wapi?"

"Iko kwa muntu."

"Muntu gani?"

"Sijui."

"Na tangi? Na mipira ya magurudumu?"

"Nayo iko kwa bantu. Sijui ni bantu gani."

Sudi alicheka, na mwanamke naye akacheka. Assani alishukuru Mungu maana mtumbwi ulikuwa unaingia maji. Ndivyo fremu ilivyokwenda kwa mwanamke, na mwanamke na fremu yake wakaenda gereji kwa Sudi.

Jina lake lilikuwa Hélène, na alikuwa muuguzi wa chanjo. Baada ya miezi mitatu alitakiwa kuhamia kituo cha afya cha Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, na alikuwa ameapa kwamba ataingia Kama juu ya pikipiki ya baba yake, marehemu Donatien, mgani wa kilimo cha mpunga.

Habari ya pikipiki ile ilihitaji kuelezwa. Vita vya mwaka tisini na nane vilipokaribia Kindu, kila mwenye pikipiki alijua kwamba askari wa kwanza atakayeiona ataipanda na haitarudi. Watu wakaona bora kuzifungua vipande vipande. Tangi liliwekwa kwa huyu, magurudumu kwa yule, injini kwa mwingine, usiku mmoja tu, na mwenyewe hakumwambia mtu nani kapewa nini. Hata mke hakuambiwa, maana anayepigwa husema anachokijua. Vita vikiisha, mwenyewe atapita nyumba kwa nyumba na kukusanya. Donatien alifanya hivyo. Kisha mwaka uliofuata alitoka kwa miguu kwenda Kibombo kutafuta mbegu ya mpunga, na hakurudi. Alichokiacha ni namba ya injini, aliyomfundisha binti yake kuisema kama wimbo wa kuruka kamba: 3HA, 017426.

"Kwa nini namba ya moteri tu?" Sudi alimwuliza.

"Alisema kadre ni mifupa, moteri njo muntu mwenyewe."

Wakaanza kutafuta. Jumapili baada ya misa, Hélène alivuka kutoka Alunguli alikokaa na mama yake, na Sudi akampokea kivukoni akiwa amevaa shati lake pekee lisilo na grisi. Walipita Mikelenge, walipita Basoko, wakibisha hodi kwa wazee. Tangi walilipata kwa bibi mmoja aliyekuwa amehifadhi humo mbegu za mahindi kwa miaka ishirini na tano. Alipomjua Hélène ni nani alizimwaga mbegu zote, akalia, akamkabidhi tangi. Gurudumu la nyuma lilikuwa ukutani kwa katekista, limefunikwa na picha ya Bikira Maria. Usukani ulikuwa kwa fundi cherehani. Hakuna aliyedai kitu. Kila mmoja aliuliza swali moja tu: mbona mmechelewa?

Na katikati ya kubisha hodi huko, wale wawili walipendana. Siwezi kusema ni kwenye mlango upi. Sudi alianza kupiga simu kuuliza habari za breki, akajikuta anauliza amekula nini.

"Sombe," alisema Hélène.

"Na nani?"

"Na mama. Wewe ulitaka nikule na nani?"

"Na fundi wako."

"Fundi wangu hajui kukaa ku meza. Nimesikia anakula kama farasi, amesimama."

"Nani alikuambia?"

"Mama yako. Nimepita kwenu leo, haukuwepo. Ule mama ni muzuri kabisa. Wewe ulitoka wapi?"

"Sheri wangu, usinichokoze, mukono wangu uko ndani ya kabureta."

"Basi toa mukono, ukuje kivukoni. Niko huku tayari."

Sudi alikwenda mbio na mikono yake myeusi, na Hélène akaishika vile vile, mbele ya wauza mawese wote.

Ilibaki injini. Siku moja mchana Sudi, akila amesimama mlangoni, alimsimulia mama yake safari zao, akataja jina la Donatien, mgani wa mpunga. Mama Sudi aliweka kijiko chini.

"Usiitafute tena ile moteri," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Ilikuwa hapa. Baba yako aliizika chini ya mafiga."

Sudi hakuelewa, na mama yake alimweleza polepole, macho chini. Mwaka wa tatu wa vita mji ulikuwa umezingirwa, gari moshi halikuja, chumvi ilipimwa kwa kijiko. Nyumba hii ilikuwa na watu wanane. Baba yake, Aboubakar, alifukua injini ya mwenzake, akaifunga kwenye kinu cha kusaga muhogo, na watu wakawa wanaleta muhogo na kumwachia sehemu ya unga.

Sudi aliikumbuka mashine ile. Alikuwa na miaka kumi na mbili, na ndiyo iliyomfundisha ufundi. Injini ya kwanza maishani mwake kuifungua na kuifunga ilikuwa hiyo. Siku zote aliamini baba aliinunua.

"Halafu ikaenda wapi?"

"Dada yako alipogonjwa, baba yako aliitoa kwa bantu ya Kama, wakaipeleka kuvuta maji ku mashimo ya dhahabu. Tukapata dawa na chumvi." Mama Sudi alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Tuliikula, mutoto wangu. Moteri ya bantu tuliikula yote. Baba yako alikufa na ile aibu."

Hapo ndipo Sudi angepaswa kuvaa viatu, kuvuka mto na kumwambia Hélène. Alivaa viatu. Alifika kivukoni. Akamwona kwa mbali anashuka mtumbwini, anamkimbilia huku ameshika kilemba kisidondoke, anauliza kabla hajafika, "Umepata kitu?" Na Sudi akaogopa. Aliogopa kwamba akisema, uso ule utafungwa na hautafunguka kwake tena, na kwamba atabaki Kasuku na pikipiki za watu. Hofu hiyo ikamfanya mjinga.

"Iko muzee mumoja," alisema. "Nipe wiki moja."

Alikwenda kwa Jean-Bosco, mtu wa Butembo mwenye duka la vipuri karibu na soko kuu, akapata injini ya aina ile ile. Akafunga mlango wa gereji, akasaga namba ya zamani kwa tupa mpaka chuma kikawa laini, akaanza kugonga mpya. Katika seti yake ya tarakimu za chuma za kugongea, namba saba ilikuwa imepotea. Akaichora kwa patasi. Mkono ukafanya ulichofundishwa shuleni: mstari juu, mstari kushuka, na kamkato katikati. Alipaka mafuta machafu na vumbi ili ionekane ya kale, akasimama nyuma kuitazama kazi yake.

Hélène alipoiona alipiga magoti kwenye grisi na kitenge chake. Alisoma kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti ya mtoto wa miaka minane. Kisha akaibusu.

"Ni nani huyu muzee? Nipeleke nimushukuru."

"Hataki kujulikana."

"Basi umupelekee kuku." Na kesho yake alileta kuku mwekundu mnene, amefungwa miguu kwa utepe. Sudi alimpeleka nyumbani, na mama yake, alipojua kuku huyo ametoka kwa nani na kwa nini, alimfungua utepe na kumwacha uani. Alikataa kumchinja. Kuku akaanza kutaga, na kila yai lilipookotwa mama na mwana walikwepana macho.

Pikipiki iliwaka. Walizunguka nayo mji mzima, Hélène mbele, Sudi nyuma amemshika kiuno, upepo unapeperusha kitenge. Waliotoa vipande walitoka milangoni kupunga mikono. Hakuna mtu aliyekuwa na furaha Kindu nzima kumshinda Hélène, naye Sudi aliinamisha uso nyuma ya kilemba chake.

Jumamosi moja, wiki ya mwisho kabla ya kuhama, Hélène aliiosha pikipiki uani kwa sabuni na mswaki. Mswaki ulipopita kwenye namba, mafuta yakatoka, na saba ikabaki peupe ikimtazama. Aliingia ndani, akachukua daftari la chanjo ambalo Sudi aliwahi kumwandikia namba ya simu nyuma ya jalada, na kila saba ilikuwa na kamkato kale kale. Kisha akapiga namba hiyo hiyo.

"Kuja Alunguli. Sasa."

"Sheri, kuna—"

"Sasa."

Sudi alimkuta amesimama kando ya pikipiki, mikono bado ina povu.

"Wajapani wanakata saba?" aliuliza Hélène.

Sudi aliitazama injini.

"Nakuuliza, fundi. Yule muntu wa fabriki kule Japani alisoma wapi? Ku shule yenu ya primaire kule Mikelenge?"

"Hélène..."

"Hii saba ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na ya baba yangu iko wapi?"

Basi akamwambia. Mafiga, kinu, watu wanane, Kama, dawa, chumvi. Aliyasema yote kwa pumzi moja, kwa kuchelewa, kama mtu anayerudisha kitu kilichokwisha vunjika.

Hélène alilia bila kujificha uso.

"Njaa naijua," alisema. "Hata sisi tulikula mizizi. Ungekuja siku ile ungeniambia 'tuliikula', ningelia, halafu ningekushika mukono. Baba angekushika mukono. Lakini wewe ulichukua kitu cha duka ukakipa namba ya baba yangu. Ukasimama pale. Ukaniangalia nikikibusu."

"Niliogopa kukupoteza."

"Basi, umenipoteza kwa nguvu yako mwenyewe. Rudi kwenu."

Jumatatu aliondoka kwenda Kama juu ya pikipiki hiyo hiyo, kwa kuwa watoto wa Kama walihitaji chanjo hata kama muuguzi wao amevunjika moyo. Simu yake haikupatikana tena.

Sudi aliyekuwa haketi sasa hata kusimama mahali pamoja hakuweza. Alianza kazi hii akaiacha, akaanza ile. Alikaza boliti hadi zikakatika, akamfungia mteja gurudumu la mteja mwingine. Mara tatu kwa siku alishuka kivukoni kutazama mitumbwi ya Alunguli, akijua hakuna wa kumngoja. Alipiga ile simu akiwa chini ya pikipiki, akiwa njiani, akiwa na tonge mdomoni, na kila mara ilimjibu sauti ile ile ya mashine.

"Inatosha," alisema Mama Sudi siku ya Alhamisi. Alikuwa amevaa kanga zake nzuri, na kuku mwekundu alikuwa kwapani. "Uongo ni wako, lakini moteri tuliikula sisi. Nivushe."

Mama yake Hélène, Albertine, aliwapokea barazani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkongojo pembeni, tayari anajua habari ya saba. Mama Sudi alimweka kuku chini, akakataa mkeka. Alipiga magoti chini, mtu wa miaka sabini, akasema kila kitu tangu usiku wa mafiga, na hakuficha hata kijiko cha chumvi. Alipomaliza, Albertine alimwinamia.

"Nyumbani kwenu mulikuwa bantu ngapi?" aliuliza.

"Munane, dada."

"Na leo muko ngapi wazima?"

"Sita."

Albertine aliinua mkongojo, akaushika mkono wa Mama Sudi, akamvuta mpaka akasimama.

"Sita ni wengi," alisema. "Donatien angefurahi. Kaa ku mukeka, tuongee kama bantu." Kisha akamgeukia Sudi, na sauti ikabadilika. "Wewe, mambo yako na binti yangu usiniletee. Yeye iko Kama."

Sudi aliomba ruhusa ya jambo moja tu kwa akina mama wale wawili, akapewa, akaondoka. Kama ni safari ya siku mbili za matope, nyuma ya pikipiki ya mtu, ukishuka kuisukuma kila kilima. Alifika Jumamosi adhuhuri, mwekundu wa udongo mpaka kope. Hélène alikuwa barazani kwenye kituo cha afya, koti jeupe, kalamu sikioni, na mstari wa akina mama ulizunguka jengo. Alimwona. Akamwonyesha kwa kalamu mwisho wa mstari.

Sudi alingoja saa mbili nyuma ya watoto wanaolia. Zilipobaki familia chache, Hélène alimkabidhi mwenzake sindano, akashuka uani, akaikanyaga pikipiki ikawaka.

"Tangu juzi inalia hivi," alisema bila salamu. "Inasema nini?"

Sudi alisikiliza. Angeweza kusema ni boliti tu, akaikaza, akaonekana shujaa.

"Pete za pistoni zimekwisha," alisema. "Zilikuwa zimekwisha siku ile niliyoinunua. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unacheka. Haitamaliza msimu huu wa mvua."

Hélène aliizima. "Hiyo sikukuuliza."

"Ndiyo."

"Iko ingine uliyonificha?"

"Iko."

"Sema."

"Nakupenda, na naogopa utaniambia nirudi Kindu."

"Mimi sirudi Kindu, Sudi. Nimeanza kazi hapa, sitaiacha."

"Sikuomba urudi. Naomba kubaki. Nimepita machimboni, piki ziko nyingi na fundi hakuna. Mama yangu alivuka kwa mama yako, akasema yote, amepiga magoti. Na kabla sijatoka niliwaomba neno moja. Wako wanangoja jibu."

"Jibu ya nini?"

"Ya posa."

Hélène alimtazama kuanzia kope zile za udongo hadi viatu.

"Wanangoja tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Na wewe umenisimamia ku mustari saa mbili, haukusema kitu?"

"Uliniambia ningoje."

Hélène alichomoa simu kwenye koti. Mtandao pale Kama ulipatikana juu ya kilima nyuma ya kituo, na Hélène akaanza kukipanda kwa haraka, ameshika sketi. Sudi akamfuata hatua tatu.

"Baki hapo! Hii simu ni yangu."

Akabaki. Alimwona anafika juu, anazunguka akitafuta mtandao, anaweka mkono sikioni. Laini ilikuwa mbaya, ikabidi apige kelele.

"Maman? Unanisikia? Waambie ndiyo! ... Ndiyo, nimesema! ... Hapana, si piki, piki ni mbovu! Waambie ndiyo kwa ile ingine!"

Akina mama waliobaki barazani, watoto wao mgongoni, ndio waliokuwa wa kwanza pale Kama kuielewa habari hiyo, na walishaanza vigelegele kabla Sudi hajaamini masikio yake.